Kuingiza na kusasisha anwani katika orodha ya barua pepe bila kuharibu zilizokuwamo

Kazi yangu ni kutunza orodha za barua pepe za vyama vya kitaaluma na vya ushirika, na ombi ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine yote ni kuingiza majina yaliyokusanywa katika mkutano mkuu. Kwa watu wapya kazi hiyo ni nyepesi. Ugumu uko kwa wale ambao tayari wamo, kwa sababu faili linaloletwa huwa na taarifa zao za zamani au pungufu, ilhali kanzidata imekusanya kwa miaka mambo ambayo faili hilo haliyajui: nani alijitoa, anwani ipi haipokei tena barua, nani alisahihisha namba yake ya simu mwenyewe. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba faili liruhusiwe kugusa yale tu lililoletwa kuyabadilisha, na mengine yote yabaki kama kanzidata inavyoyajua.

Nianze na faili lenyewe. Karibu mifumo yote ya kutuma barua pepe kwa orodha hupokea CSV, yaani maandishi matupu ambamo kila mstari ni mtu mmoja na taarifa zake zimetenganishwa kwa koma, au kwa nukta mkato kutegemea mipangilio ya kompyuta. Wengi hulitayarisha katika Excel, na humo ndimo namba za simu zinamoharibikia. Namba inayoanza na 07, ikichukuliwa kuwa hesabu, hupoteza sifuri ya mwanzo. Ile iliyoandikwa kwa kuanzia na 255 ina tarakimu 12, na Excel huionyesha kwa ufupisho wa namna ya 2.55712E+11, ukihifadhi CSV ikiwa katika hali hiyo, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana kwenye skrini, na tarakimu zilizobaki hazirudi tena. Kinga yake ni kuipa safu ya simu umbo la maandishi kabla ya kubandika chochote ndani yake. Majina nayo yana mtego wake. Jina kama Ng’ang’a, likiandikwa kwa alama iliyopinda na faili la UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi za lugha zote) likasomwa kwa usimbaji mwingine, hugeuka kuwa Ngâ€™angâ€™a, na mwenye jina hupokea barua inayomsalimu hivyo. Majina ya Kifaransa ya wanachama wa Burundi na Kongo, kama André, hupatwa na mkasa uleule. Kwa hiyo mimi hulifungua faili katika kihariri cha maandishi ya kawaida na kuyasoma majina ya aina hiyo kabla sijalipakia.

Mfumo humtambua mtu kwa anwani yake ya barua pepe: ikiwamo, anasasishwa, isipokuwamo, anaongezwa. Hapo nafasi moja tupu iliyojificha mwishoni mwa anwani yaweza kumfanya mtu mmoja kuwa wawili, ndiyo maana naondoa nafasi zote na kuzigeuza herufi zote kuwa ndogo. Jina la kikoa, yaani sehemu iliyo baada ya alama ya @, halijali ukubwa wa herufi, na ingawa kanuni za barua pepe zinaruhusu seva itofautishe herufi zilizo kabla ya alama hiyo, watoa huduma wakubwa hawafanyi hivyo. Daftari la mahudhurio lililoandikwa kwa mkono huleta makosa ya namna nyingine, kwa mfano l inayosomwa kuwa 1, o kuwa 0, na gmail.con badala ya gmail.com.

Kuna pia jambo ambalo mifumo iliyotengenezwa ng’ambo hailifikirii vya kutosha, nalo ni anwani moja kutumiwa na watu kadhaa. Katika vyama vya ushirika vya vijijini si ajabu kukuta wanachama wengi wameandika anwani ya katibu wao. Mfumo utawaona wote kuwa mtu mmoja, na kila mstari utafuta jina lililoandikwa na mstari uliotangulia. Wanachama wa namna hiyo nawatunza kwa namba ya uanachama katika daftari la chama, na anwani ile naiingiza mara moja tu kwa jina la tawi.

Kisha yaja maamuzi mazito zaidi. Seli tupu ina maana gani? Baadhi ya mifumo huiruka, mingine hufuta taarifa iliyokuwapo. Nisipokuwa na hakika, naiondoa safu nzima na kuacha anwani pamoja na ile safu moja inayobadilika. Safu ya hali ya usajili siiweki kamwe katika faili la kusasisha, kwa maana aliyejitoa hapaswi kurudishwa na karatasi ya mkutano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa, na kuandika jina mlangoni hakumaanishi kuomba jarida la kila mwezi. Tena tangu Februari 2024 Google inawataka watumaji wahakikishe kwamba malalamiko ya barua taka hayafikii asilimia 0.3, na watu waliorudishwa bila hiari yao ndio wepesi wa kulalamika.

Kabla ya kupakia, napakua kanzidata nzima kama nakala ya akiba, kisha naingiza mistari michache yenye sura tofauti: mtu mpya, mtu wa zamani, aliyejitoa, na mwenye seli tupu. Nafungua kumbukumbu ya kila mmoja wao na kuilinganisha na ile nakala. Zikilingana kama nilivyotarajia, naingiza zilizobaki, nasoma ripoti ya mistari iliyokataliwa, na faili la majina nalifuta kwenye kompyuta yangu na kwenye barua pepe lililokuja nayo.