Je, Wajua Kwa Nini Nembo ya Akili Unde Hupendeza Kwenye Simu na Kumshinda Mpiga Chapa?

Nembo inayochorwa na akili unde (AI) huja haraka. Mwenye duka la maua anaandika kwenye simu kwamba anataka waridi la zambarau lenye petali tano ndani ya duara, na neno MAUA chini yake kwa herufi nene. Kabla dakika haijaisha picha iko tayari, tena inapendeza. Shida huanza akifika kwa wapiga chapa wa River Road, Nairobi, kuagiza bango la mita tatu, stika ya mlangoni na kofia za wafanyakazi. Fundi anaitazama picha, kisha anauliza: "Vekta unayo?"

Wengi huelewa swali hilo kuwa namna ya kusema picha ni ndogo. Basi hurudi kwenye programu kuomba picha kubwa zaidi, au huipitisha kwenye tovuti ya kukuza picha, au hubadilisha tu jina la faili liishie kwa SVG, aina ya faili inayohifadhi vekta. Dhana hii inafaa kupimwa taratibu, kwa sababu ina ukweli wa kutosha kumpotosha mtu.

Ukweli wake ni huu. Ukubwa wa kawaida wa picha zinazotolewa na programu hizi ni pikseli 1024 kwa 1024, yaani vijisehemu vya rangi zaidi kidogo ya milioni moja. Kazi inayoshikwa mkononi, kama kadi ya biashara, huchapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo picha hiyo inajaza upana wa sentimita 8.7 hivi. Kadi itatoka vizuri. Itandaze kwenye bango la mita tatu, na kila pikseli inakuwa na upana wa karibu milimita tatu. Aliye ng'ambo ya barabara huenda asione kasoro, lakini anayeingia dukani ataona ngazi kwenye ukingo wa kila herufi. Mabango hutazamwa kwa mbali na huvumilia nukta chache kuliko kadi, hivyo ukipata picha ya pikseli 4000 kwa upana, bango lako litapita.

Ila stika haitakatwa na kofia haitatariziwa, hata ukileta picha ya pikseli 40,000. Mashine ya kukata stika ina kisu kidogo kinachotembea juu ya vinili, yaani plastiki nyembamba ya stika. Lazima kiambiwe kianzie wapi, kipinde vipi na kiishie wapi, na picha, iwe kubwa namna gani, haina habari hiyo. Mashine ya kutarizi nayo husoma faili yenye orodha ya mahali sindano itakapotua, mshono baada ya mshono. Fundi hakuulizia ukubwa. Aliulizia mistari, na nembo iliyotoka kwenye akili unde haina mstari hata mmoja.

Ili kuona kwa nini, chukua kazi ya shanga kama zile zinazouzwa Maasai Market. Ukiwa umesimama hatua chache, unaona duara jekundu. Ukiinama karibu, duara halipo: kuna shanga nyekundu, kando yake nyeupe, kando yake nyekundu tena. Duara limeundwa na jicho lako. Picha ya pikseli ni kazi ya namna hiyo, shanga za ukubwa mmoja zilizopangwa safu kwa safu. Programu nyingi za akili unde za kuchora huanza na sinia lililomwagiwa shanga za kila rangi bila mpangilio wowote. Kisha, kwa hatua ambazo mara nyingi ni kati ya ishirini na hamsini, hurekebisha rangi za sinia zima kidogo kidogo, kila hatua ikikadiria sinia hilo lingefananaje kama lingekuwa mojawapo ya picha zenye maelezo uliyoandika. Waridi na herufi hujitokeza kwa pamoja, kila upande kwa wakati mmoja. Hakuna hatua ambapo programu iliamua kuchora duara. Ndiyo maana ukilikuza duara lake utaona limevimba upande mmoja, na petali mbili zilizopaswa kulingana zimepishana.

Maelezo hayo yamerahisishwa. Programu kadhaa hufanya marekebisho kwenye muhtasari mdogo wa picha, kisha huutanua mwishoni. Nyingine hujenga picha kipande baada ya kipande. Lakini matokeo ni yaleyale, shanga. Tovuti ya kukuza picha huongeza shanga mpya katikati ya zile za zamani na kukisia rangi zake. Makisio hayo huwa mazuri kwenye majani au uso wa mtu, na mabaya kwenye pembe kali ya herufi, ambayo hulainishwa hadi ikapoteza ukali wake. Kubadilisha jina la faili hakugusi kilichomo ndani.

Vekta haina shanga. Ina maagizo: anza kwenye nukta hii, pinda hivi hadi nukta ile, jaza zambarau. Hesabu ya mikunjo hiyo ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliifanyia kazi mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaieneza miaka ya 1960 hadi mikunjo ikapewa jina lake. Duara zima huandikwa kwa nukta nne tu. Cha kustaajabisha ni kwamba mikunjo hiyo minne haiwezi kutoa duara kamili kabisa. Hukosea kwa takriban asilimia 0.03 ya nusu kipenyo. Kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita moja, kosa hilo ni kama robo ya milimita, na kisu cha stika hakitalijua. Nukta hizohizo nne hutosha muhuri wa sentimita tatu na ukuta wa ghorofa.

Basi picha ya akili unde ichukuliwe kama rasimu, na nembo ichorwe upya juu yake. Inkscape ni programu ya bure na inatosha. Ina amri ya kufuatisha picha yenyewe, na wengi huishia hapo. Tatizo ni kwamba ukingo wa picha ya akili unde una ukungu wa pikseli za rangi za katikati, na amri hiyo hufuata kila tuta dogo. Mkunjo uliohitaji nukta nne unapata makumi, kisu kinatembea kwa kushtukashtuka, na vinili inachanika kwenye pembe. Njia ya mkono ni bora. Weka picha kwenye tabaka la chini, ipunguze rangi hadi nusu, ifunge isisogee. Duara lichore kwa kifaa cha duara. Petali moja ichore kwa kalamu, ukiweka nukta pale tu mkunjo unapobadili mwelekeo, kisha inakili na kuizungusha nyuzi 72 mara nne. Petali tano zitalingana kwa sababu ni petali moja.

Herufi za akili unde zifute zote. Programu hizi hupokea maneno yakiwa yamekatwa vipande, si herufi moja moja, na maneno ya Kiswahili hukatwa vibaya kuliko ya Kiingereza kwa kuwa yalikuwa machache kwenye maandishi yaliyotumika kuzifunza. Za karibuni zimeboreka sana katika tahajia. Hata hivyo, neno likiwa sahihi, litazame vizuri: MAUA ina A mbili, na mara nyingi A ya kwanza si pacha wa ile ya mwisho. Andika jina upya kwa fonti halisi yenye leseni ya biashara. Za Google Fonts ni huria. Ukimaliza, geuza maandishi kuwa mikunjo, la sivyo kompyuta ya mpiga chapa isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine bila kukuuliza.

Rangi nayo ina mtego wake, na zambarau ni miongoni mwa zinazosumbua zaidi. Skrini hutoa mwanga. Karatasi hurudisha mwanga kupitia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Zambarau inayowaka kwenye simu haimo katika michanganyiko ya wino huo, hivyo hutoka imefifia au imeelekea wekundu. Agiza kipande cha majaribio kwenye vinili au kitambaa kilekile kabla ya kazi yote. Kwa kofia, ondoa mpito wa rangi moja kuingia nyingine na usishushe herufi chini ya milimita tano, maana nyuzi zitaziba tumbo la A. Kwa muhuri, nembo ipite ikiwa na rangi moja tu.

Ukiomba picha isiyo na usuli, usishangae ukipewa viraka vya kijivu na vyeupe. Programu za kuhariri huonyesha uwazi kwa viraka hivyo, na akili unde imeviona mara nyingi mno katika mafunzo, kwa hiyo inavichora viwe sehemu ya picha. Viweke juu ya usuli mweusi: vikibaki, ni rangi.

Zipo programu zinazotoa vekta moja kwa moja, na hata akili unde ya mazungumzo inaweza kuandika SVG, kwa kuwa SVG ni maandishi matupu. Maumbo rahisi hutoka vizuri. Waridi lenye mikunjo mingi hupindapinda. Tena baadhi ya faili hizo ni picha iliyofichwa ndani ya SVG. Ifungue Inkscape, bofya umbo na chagua kifaa cha nukta. Nukta zisipotokea ukingoni, au ukikuza ukaona miraba, bado una shanga.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humtambua mtunzi wa kazi iliyotolewa na kompyuta kuwa ni yule aliyefanya maandalizi ya lazima ili kazi hiyo iundwe. Kinga ya jina na alama sokoni ni jambo lingine: husajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwandani, hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa. Watu wawili wakiandika maelezo yanayofanana wanaweza kupata nembo zinazofanana, kwa hiyo tafuta kwanza kwenye daftari la alama.

Mpiga chapa mpelekee PDF au SVG yenye mikunjo, pamoja na PNG kubwa, yaani picha ya pikseli, ya kumwonyesha rangi. Ukitumia WhatsApp, PNG hiyo itume kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora kabla haijamfikia.