Nyumba ya mnada Unguja: hesabu ni ya siku

Wiki iliyopita kijana wa mtaani kwetu alikuja ofisini na simu mkononi. Ndani ya simu Mmarekani mmoja kasimama mbele ya nyumba ya mbao, anaeleza alivyoinunua kwa benki kwa bei ya kutupa, akapaka rangi, akabadilisha jiko, akaiuza kabla ya miezi mitatu. Kijana akaniambia, "Ami, na sie hapa benki zinauza nyumba kila siku, na sasa bei zimeshuka. Si ndio wakati wenyewe?"

Kazi yangu ni kuthamini nyumba. Ripoti nyingi nilizoandika ni za nyumba zilizowekwa dhamana benki, na baadhi yake nimekuja kuzikuta tena mnadani. Kwa hiyo sikumcheka. Huyo Mmarekani hadanganyi. Ila kuna mambo hayaonekani kwenye ile video.

Kwanza kwao. Bei za nyumba Marekani zilifika kileleni 2006, na mpaka 2012 zilikuwa zimeporomoka zaidi ya robo kwa wastani wa nchi nzima. Las Vegas zaidi ya nusu. Benki zikabakiwa na nyumba za watu walioshindwa kulipa, tupu, nyasi zimefika kiunoni. Nyumba tupu kwa benki ni hasara ya kila siku: kodi, ulinzi, wezi wa mabomba ya shaba. Kulikuwa na kanuni ya FHA, chombo cha serikali kinachodhamini mikopo ya nyumba: ukinunua nyumba ukaiuza kabla ya siku 90 kupita, mnunuzi wako hapati dhamana yao. Februari 2010 wakaisimamisha kanuni hiyo kwa muda ili nyumba zile zipate watu. Yaani serikali yenyewe ilimfungulia njia mchuuzi apite haraka. Tena mnunuzi wa pili alikuwa anakuja na mkopo wa miaka 30, na hati ina bima, mwenye madai akizuka baadaye bima ndiyo inayopambana naye.

Sasa rudi Unguja. Mnunuzi wako wa pili hapa analipa taslimu. Ama yuko Maskati au Dubai, anataka picha na video na mjomba wake aende kuangalia kwanza, ama kauza kiwanja chake Fuoni na hela anazo mkononi, lakini ana nyumba kumi za kuchagua. Soko likishuka, huyu ndiye wa kwanza kukaa kitako akasubiri. Na ana haki, kila mwezi akisubiri anapata bei nafuu zaidi.

Nilimwandikia kijana mfano nyuma ya bahasha. Nyumba leo inauzika milioni 100. Mnadani unaipata kwa 70, unaona thelathini zako hizo. Matengenezo 10. Mwanasheria, uhaulishaji (kuhamishia haki ya nyumba kwa jina lako), ada na dalali, weka 6. Umeshafika 86, zimebaki 14. Soko linateremka milioni moja na nusu kwa mwezi. Ukiuza mwezi wa nne nyumba ni 94, umebaki na 8. Ukiuza mwezi wa tisa nyumba ni 86 na nusu, umebaki na laki tano, na hapo mnunuzi hajakuomba umpunguzie. Kosa la watu ni kuweka bei ya leo kwenye hesabu ya kuuza. Bei inayokuhusu ni ya siku utakayouza, na siku hiyo hapa kwetu huipangi wewe.

Huipangi kwa sababu ya makaratasi. Baada ya Mapinduzi ardhi yote ni ya Serikali. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na kwa sheria zetu kuihaulisha haki hiyo lazima kupite bodi ya uhaulishaji wa ardhi. Kabla ya hapo yuko sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Kabla ya sheha iko familia, na familia ndiyo iliyonifunza mimi.

Mwisho wa 2020, watalii walipokuwa wamepotea na wenye vijumba vya wageni wakianza kushindwa na mikopo, mimi na wenzangu wawili tulinunua nyumba ya mnada Tomondo kwa milioni 62. Mthamini mzima, miaka yote hiyo, na ripoti ya nyumba ile sikuandika mimi, nikaisoma juu juu. Hati ilikuwa kwa jina la mkopaji. Tukapanga miezi mitatu.

Siku tuliyokwenda na fundi tulimkuta bibi kibarazani, kajikunja juu ya mkeka, anasuka ukili. Hakutufukuza. Alisema, "Karibuni wanangu," akaendelea na ukili wake, kisha bila ya kutuangalia akauliza, "Na thumuni yangu mmenunua na nyie?"

Nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe. Mtoto mkubwa aliandikisha jina lake peke yake, akaenda kukopa. Mjane mwenye watoto ana thumni yake kisheria, yaani fungu moja la nane la mirathi, na ndugu wanne nao wana mafungu yao, na hakuna aliyewauliza. Basi mahakama. Tarehe ikisogezwa, bei inateremka. Tarehe nyengine, nyumba iliyofungwa inaliwa na chumvi. Walijengea mchanga wa pwani, na nilipopitisha kidole ukutani rangi ilidondoka kama magamba ya samaki, chini yake kuna unga mweupe. Tukafikia suluhu na familia, tukalipia, tukakarabati. Miezi kumi na nne. Tuliuza milioni 71, na ukijumlisha 62 za mnada, 8 za matengenezo na 4 za makaratasi na suluhu, kila mmoja wetu kapoteza milioni moja, bila kuhesabu mafuta ya gari na usingizi.

Mji Mkongwe sitaugusa sana, maana ni mambo yake peke yake. Nitasema tu kwamba nyumba nzuri nzuri kule nyengine ni wakfu, mali iliyotolewa sadaka ya kudumu, na wakfu hauuzwi, anayekuuzia anakuuzia maneno. Na ile isiyo wakfu inataka kibali kabla ya kugusa hata mlango, na chokaa, si saruji. Ukiufunika ukuta wa mawe kwa saruji kwa sababu ni haraka, unyevu unabaki ndani na boriti zinaoza. Haraka na nyumba ile haviendi pamoja.

Wapo wanaoniuliza kuhusu uhalali wake. Kununua nyumba ya mtu aliyeshindwa, kwa bei ya dhiki yake, ni jambo ambalo mimi mwenyewe halinikai vizuri siku zote, na hela ya riba ya kununulia siigusi. Mashekhe wapo, waulizeni. Ninachoweza kusema kama fundi wa bei ni kwamba ukitoka kwenye mnada, mwenye nyumba anabaki kukudai kwa macho, na mtaa mzima unajua.

Kijana wangu hakukata tamaa. Jana alinipeleka Fuoni kuangalia nyumba ambayo benki imeitangaza. Niligonga ukuta kwa sarafu chumba baada ya chumba, mlio mzuri, mkavu. Karo, shimo la maji machafu, haijajaa. Akafurahi, akaanza kupiga mahesabu kwenye simu. Mimi nilikuwa naangalia uani, kwenye kamba ya nguo: kanga mbili, sare ya skuli, na kanzu ya mtu mzima bado inadondoka maji. Nikamwambia kabla ya hesabu aende akabishe hodi, aulize marehemu alikuwa nani.