Kupunguza Wafanyakazi: Kikao cha Kutangaza Si Mashauriano

Kampuni ikiunganisha idara, ikifunga tawi au ikileta mitambo inayofanya kazi ya watu kumi, haupiti muda malalamiko yanafika mezani kwetu tunaoshughulikia migogoro ya kazi. Mwajiri huja na muhtasari wa kikao, ukurasa mmoja: "Wafanyakazi walishirikishwa." Ukiutazama, kikao kilikaa Ijumaa, barua za kuachishwa zilisainiwa Jumatano iliyotangulia. Hapo walishirikishwa katika nini?

Tueleweke. Hakuna anayemkataza mtu kupanga upya biashara yake. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1982, unatambua mahitaji ya uendeshaji kuwa sababu halali ya kusitisha ajira. Tatizo ni utaratibu. Ibara ya 13 inamtaka mwajiri awape wawakilishi wa wafanyakazi, mapema, taarifa ya sababu, idadi na aina za watakaoguswa, pamoja na kipindi ambacho zoezi litafanyika. Baada ya hapo wazungumze jinsi ya kuepusha upunguzaji au kuupunguzia makali, mathalani kwa kuwatafutia watu kazi nyingine. Ibara ya 14 inaongeza kuiarifu mamlaka husika, sababu zikiwa kwa maandishi. Viwango vya idadi na siku huwekwa na sheria ya kila nchi, na si kila nchi imeridhia mkataba huu, kwa hiyo someni sheria yenu kwanza.

Angalieni neno "aina". Orodha ya majina iliyokwisha kuchapwa si aina, ni uamuzi. Tunataka kuona vigezo vya kuchagua wa kupunguzwa, na tarehe ya vigezo itangulie tarehe ya majina.

Wengine hudhani wakilipa fedha badala ya notisi wamemaliza. Notisi ni deni moja, mashauriano ni jingine, kiinua mgongo ni la tatu. Kulipa moja hakufuti mengine, na chombo cha usuluhishi kikiona usitishaji haukuwa halali kinaweza kuamuru mtu arudishwe kazini au alipwe fidia.

Nanyi wafanyakazi, mashauriano si kura ya turufu. Kususia kikao hakusimamishi mabadiliko. Kunamwachia mwajiri karatasi ya mahudhurio yenye nafasi tupu mbele ya majina yenu. Na lalamiko lina muda wake: ukikaa kimya kupita kiasi, unaweza kuhesabiwa umeiacha haki yako.