Kipimo cha UVIKO-19 kabla ya Kupanda Meli Ughaibuni: Dhana Zilizowapotosha Wasafiri

Katika miaka ya 2021 na 2022, msafiri aliyeruka kwa ndege hadi nchi nyingine ili apande huko meli ya kitalii alijikuta chini ya mamlaka tatu kwa wakati mmoja: nchi yenye bandari, kampuni inayoendesha meli, na nchi ambayo angerejea kwa ndege baada ya safari. Kila mamlaka ilikuwa na muda wake, aina za vipimo ilizozikubali na watu iliowasamehe. Makosa mengi ya wakati ule yalitokana na kuchukua sharti la mmoja na kulifuata mbele ya mwingine, na maelezo yaliyozaliwa na makosa hayo bado yanasambazwa kana kwamba ni kanuni.

Dhana: Vipimo vya kabla ya safari vingali vinatakiwa.

Ukweli: Masharti makuu yalifutwa zamani. Marekani iliacha kudai kipimo kwa wanaoingia kwa ndege tarehe 12 Juni 2022, na mwezi uliofuata, tarehe 18 Julai, shirika lake la afya ya umma, CDC, likafunga mpango wake maalumu wa UVIKO-19 kwa meli za kitalii, likaziachia kampuni zijiamulie. Kanada iliondoa masharti yake ya mpakani, pamoja na yale ya abiria wa meli, tarehe 1 Oktoba 2022, na kampuni ya Norwegian Cruise Line ikaacha vipimo, barakoa na sharti la chanjo siku tatu baadaye. Marekani ilirudisha kipimo kwa muda mfupi tu, kuanzia tarehe 5 Januari hadi 10 Machi 2023, na kwa wasafiri waliotoka China pekee. Kurasa za zamani hazikufutwa pamoja na masharti hayo, kwa hiyo anayesoma maelekezo ya vipimo aangalie kwanza yaliandikwa lini.

Dhana: Nchi ya bandari ikishafuta kipimo, hakuna mwingine wa kukidai.

Ukweli: Huu ndio mkanganyiko uliowaumiza wengi, na mfano wa Southampton unautosha. Uingereza iliondoa masharti yake yote ya UVIKO-19 kwa wasafiri tarehe 18 Machi 2022. Abiria aliyetoka New York mwezi Aprili mwaka huo kwenda kupanda meli Southampton aliingia nchini humo bila kuulizwa cheti cha kipimo, akaona mambo yamekwisha. Lakini kampuni nyingi za meli bado zilidai matokeo hasi kabla ya kupanda, na Marekani nayo ilimdai kipimo kingine kabla hajaingia katika ndege ya kurudi, awe raia wake au mgeni. Uhuru aliopewa na serikali ya Uingereza haukuilazimisha kampuni ya meli, wala haukuifunga Marekani.

Dhana: Siku 3 na saa 72 ni kitu kimoja.

Ukweli: Si kitu kimoja, na tofauti yake ingeweza kumwokoa msafiri au kumwacha bandarini. Kanuni iliyohesabu kwa saa ilianza kuhesabu tangu dakika sampuli ilipochukuliwa, lakini kanuni iliyohesabu kwa siku ilitazama tarehe peke yake. Marekani ilichagua makusudi kuhesabu kwa siku: awali siku 3 kuanzia tarehe 26 Januari 2021, kisha siku 1 kwa kila msafiri wa ndege kuanzia tarehe 6 Desemba 2021. Mwenye ndege ya kuondoka saa saba mchana siku ya Ijumaa aliruhusiwa kutumia kipimo alichofanya saa moja asubuhi ya Alhamisi, ingawa kilikuwa kimepitisha saa 24. Mtu yuleyule angepeleka cheti hicho mahali palipohesabu saa 24 kamili, angekataliwa.

Wengine walikosea kwa upande wa pili, wakasoma tarehe ya matokeo badala ya tarehe ya sampuli. Muda ulihesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, hivyo maabara iliyochelewa ilikula siku za msafiri. Kwa waliokuwa na ndege za kuunganisha, Marekani ilihesabu kutoka safari ya kwanza, mradi safari zote ziwe katika tiketi moja na kusubiri kati ya ndege mbili kusizidi saa 24. Aliyenunua tiketi mbalimbali hakuwa na nafuu hiyo, jambo ambalo wauzaji wa tiketi za bei nafuu hawakuwa na sababu ya kulitaja.

Dhana: PCR ndicho kipimo bora, kwa hiyo ndicho salama zaidi kwa msafiri.

Ukweli: Ubora wa kitabibu ni jambo moja, na kufaa kwa safari ni jambo jingine. PCR hunasa chembe za urithi za virusi hata zikiwa chache sana, na ndiyo maana hutegemewa hospitalini. Hata hivyo huhitaji maabara, na matokeo yake yangeweza kuchelewa hadi siku iliyofuata au zaidi, hatari kubwa pale muda ulipokuwa siku moja. Zaidi ya hayo, mtu aliyekwisha kupona na asiyeambukiza tena angeweza kuonekana chanya kwa wiki kadhaa, kwa sababu mabaki ya virusi hubaki mwilini. Kipimo cha haraka cha antijeni, ambacho hutafuta protini za virusi, kilitoa jibu kwa dakika 15 hadi 30, kwa kawaida hakikubaki chanya kwa muda mrefu hivyo, na Marekani ilikikubali. Pale masharti yaliporuhusu vyote viwili, naona aliyekimbilia PCR kwa kudhani anajihakikishia safari mara nyingi alijiongezea mashaka tu.

Dhana: Kipimo cha kujipima mwenyewe hakikukubaliwa kabisa.

Ukweli: Kujipima peke yako chumbani na kuonyesha picha ya kijiti chenye mstari mmoja hakukutosha kwa safari ya ndege kwenda Marekani. Lakini kujipima ukiwa unatazamwa moja kwa moja kwa video na msimamizi wa huduma ya afya kulikubaliwa, mradi kipimo chenyewe kiwe kimeidhinishwa na huduma hiyo iweze kuthibitisha jina la mtu na kutoa cheti. Wasafiri waliolijua hilo walibeba vifaa vyao katika mizigo tangu nyumbani, wakajipima hotelini. Kwa upande mwingine, vipimo vya bure vya huduma ya afya ya taifa ya Uingereza havikufaa kwa vyeti vya safari, hata vilipofanywa kwa usahihi wote.

Cheti kilichokubaliwa kilipaswa kuonyesha aina ya kipimo, aliyekitoa, tarehe ya sampuli, matokeo, jina kamili, na angalau alama nyingine ya utambulisho kama tarehe ya kuzaliwa au namba ya pasipoti.

Dhana: Aliyepimwa melini kabla ya kushuka hakuhitaji kingine.

Ukweli: Kampuni kadhaa ziliwapima abiria siku za mwisho za safari ili wapate cheti cha ndege ya kurudi, na kwa aliyeshuka asubuhi akaenda moja kwa moja uwanja wa ndege, hilo lilitosha. Aliyepanga kulala usiku mbili Barcelona au Roma kabla ya kuruka alikuwa ameshavuka siku moja iliyoruhusiwa, na alilazimika kutafuta kipimo kingine mjini kwa gharama yake.

Dhana: Chanjo iliondoa haja ya kipimo.

Ukweli: Hayo yalikuwa masharti mawili tofauti. Kampuni nyingi zilidai vyote viwili.

Dhana: Abiria wote wakiwa hasi, meli haina virusi.

Ukweli: Kipimo hueleza hali ya wakati sampuli ilipochukuliwa. Aliyeambukizwa jana yake anaweza kuwa hasi leo na kuanza kuambukiza akiwa tayari baharini. Lengo la kipimo lilikuwa kupunguza idadi ya wagonjwa wanaopanda, baada ya dunia kushuhudia meli ya Diamond Princess ikizuiliwa Yokohama mwezi Februari 2020, ambapo watu 712 kati ya 3,711 waliokuwamo walithibitika kuambukizwa. Hata baada ya vipimo na chanjo kuwa kawaida, tarehe 30 Desemba 2021 CDC iliwashauri watu waepuke meli za kitalii, wawe wamechanjwa au hawajachanjwa.

Dhana: Aliyewahi kuugua na kupona alisamehewa kila mahali.

Ukweli: Kwa ndege ya kwenda Marekani, msamaha huo ulikuwapo, ila ulihitaji nyaraka mbili: matokeo chanya yasiyozidi siku 90, na barua ya mhudumu wa afya mwenye leseni iliyothibitisha kwamba mhusika amepona na anaruhusiwa kusafiri. Matokeo ya zamani bila barua hayakutosha. Hata nyaraka zote mbili hazikuifunga kampuni ya meli, ambayo ilikuwa na sharti lake kuhusu waliopona, wala hazikuilazimisha nchi ya bandari, kwa hiyo aliyepona alipaswa kuomba ruhusa hiyo kwa kila mmoja wao kabla ya kuondoka nyumbani.