Milioni nne unazoingiza si mshahara wako

Hivi karibuni nimeulizwa tena, na mwezi huu ni mara ya tatu: "Dada, kuna sehemu wameniita kazini, wananipa milioni moja na laki mbili. Dukani naingiza milioni nne kwa mwezi. Si nitakuwa nimechanganyikiwa nikirudi kuajiriwa?"

Natunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Morogoro, mwaka wa kumi na moja sasa. Swali hili nalijua kama ninavyolijua daftari la mauzo. Zinazobadilika ni tarakimu tu. Na kila mara ninaumia, kwa sababu anayeuliza tayari amejijibu, na amejijibu kwa kulinganisha vitu viwili visivyo vya aina moja. Mauzo ya duka ni pesa inayopita, na ukiipima kwa mshahara ni sawa na kupima mto kwa ndoo ya maji iliyokwisha kufika jikoni.

Aliyeuliza safari hii ana steshenari karibu na chuo. Amenikubalia nitumie hesabu zake, ila jina na mtaa nimeviacha.

Milioni nne ilikuwa ya Juni, wanachuo wakiprinti ripoti na kubaindi tafiti hadi saa tano usiku. Agosti chuo kimefungwa, akauza milioni 1.9. Tulijumlisha miezi 12, tukagawa, ikaja milioni 3.1. Hapo laki tisa zimeshaondoka na bado hatujagusa gharama hata moja. Mauzo ni pesa yote iliyoingia, faida ni inayobaki ukishatoa gharama.

Karatasi, tona na bidhaa za rafu zilimlia 1,450,000 kwa mwezi. Pango la fremu ya duka 200,000, umeme wa LUKU 120,000, msaidizi 250,000, intaneti na vocha 60,000, fundi wa mashine na spea 110,000, mlinzi, taka na usafiri 60,000. Kodi na leseni ukizigawa kwa miezi 12 ni kama 125,000. Kuhusu kodi elewa jambo moja: mfanyabiashara mdogo asiye na kampuni, ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, Mamlaka ya Mapato (TRA) humtoza kwa mauzo. Hata ukipata hasara mwaka mzima, mauzo yapo na kodi ipo.

Zilibaki 725,000. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi siyo mbaya, laki saba." Nikamwambia bado hatujamaliza.

Mashine yake ya kopi aliinunua Kariakoo, mtumba, kwa 3,600,000. Kwa kazi anayoipa, tukakubaliana itadumu miaka mitatu. Ina maana kila mwezi mashine ile inakufa kwa laki moja. Kompyuta mbili, printa na mashine ya laminesheni, jumla 1,800,000, nazo zinakufa kwa elfu hamsini. Uchakavu hauleti bili. Hakuna kijana atakayegonga mlango tarehe 5 akidai elfu mia na hamsini za uchakavu, ndiyo maana karibu kila mteja wangu anauruka. Kisha siku moja asubuhi mashine inagoma, fundi anatikisa kichwa, na mtu anakimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, huku akilalamika kwamba amepatwa na balaa ghafla. Halikuwa balaa, lilikuwa deni la miezi 36 ambalo hakuliandika popote.

Tunabaki na 575,000. Halafu kuna mtaji: mle ndani kuna karibu milioni 9 ukihesabu bidhaa na vifaa. Pesa hiyo ingekuwa kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT au kwenye hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ingemletea kitu akiwa amelala. Tuseme asilimia 10 kwa mwaka, ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni 75,000 kwa mwezi. Nusu milioni iliyobaki ndiyo ujira wa kazi yake: saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita, na Jumapili nusu siku.

"Kwa hiyo, dada, nimekuwa nikifanya kazi ya mtu wa laki tano?"

Ndiyo. Na hapo ndipo ninapotaka kukaa, maana watu wengi hapa hukasirika. Huniambia duka ni lao, na mtu hajilipi mshahara. Ndugu yangu, usipojilipa mshahara huwezi kujua kama biashara inakulisha au wewe ndiwe unayeilisha biashara. Mwenye duka ana kofia tatu. Ni mfanyakazi, anadai ujira. Ni mwenye mtaji, anadai faida ya mtaji. Ni mbeba hatari, anadai kitu cha ziada kwa usiku anaokosa usingizi. Ukizichanganya zote na kuziita faida, utatembea ukijiona tajiri, kumbe wewe ni mfanyakazi wa bei nafuu kuliko wote uliowahi kumwajiri. Na hapo sijagusa droo. Nauli ya mtoto, kilo ya nyama, mchango wa msiba, vyote vinatoka droo ileile bila kuandikwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeyaona maneno hayo yakitimia kwenye meza yangu.

Sasa upande wa pili, ambao nao watu huukosea. Milioni moja na laki mbili si kinachoingia mfukoni. Kwa Tanzania Bara, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 120,000. Inayobaki inakatwa PAYE, kodi ya mshahara, ambayo kwa kiwango hicho ni 152,000. Mkononi anapokea 928,000. Ukiishia hapo unauonea mshahara, kwa sababu mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake NSSF. Jumla ni 240,000 kila mwezi kwa jina lake, pesa ambayo dukani hakuwahi kujiwekea hata mara moja.

Bodi ya Mikopo, kwa aliyesoma kwa mkopo, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Yeye alishamaliza. Lakini wapo wanaokataa ajira kwa sababu hiyo, kana kwamba wakikaa dukani deni linasahaulika. Halisahauliki.

Kuhusu NSSF kuna imani nyingine inayonichosha: "Nikiacha kazi nitachukua mafao yangu yawe mtaji." Nimewaona watu wakiandika barua ya kuacha kazi na tayari wamelipia fremu kwa pesa wanayodhani itatoka. Fao la kukosa ajira limewekwa kwa aliyepoteza kazi, halimlipi aliyeondoka kwa hiari yake. Soma masharti kabla ya barua, usiyasome baada ya barua. Na pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180. Huyu dada wa steshenari alikuwa amechangia miezi 62 kabla ya kuacha kazi. Alidhani imepotea, haikupotea. Bado 118, karibu miaka kumi. Kama ana miaka 38, kurudi sasa au kuchangia kwa hiari akiwa dukani kunaamua kama uzeeni atakuwa na pensheni. Jambo hili lina uzito kuliko tofauti yote ya mshahara tuliyokuwa tukiikokotoa, na nililiona kwa kuchelewa, tulipokuwa tumekaa saa nzima.

Usiseme basi mhasibu anawasukuma watu waajiriwe. Wanaosema ajira ndiyo uhakika nao wahesabu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, uhakika wenyewe kisheria ni notisi ya siku 28, na ukiachishwa bila kosa, kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10. Miaka kumi ya utumishi ni mshahara wa siku 70. Likizo ya siku 28 kwa mwaka ni kitu, uzazi siku 84 ni kitu, ugonjwa nao una siku zake za malipo. Hata hivyo mkataba aliopewa ni wa miaka miwili, na mshahara unaweza kuchelewa. Nimewahi kukaa miezi mitatu bila kulipwa na mwajiri aliyekuwa akituahidi kila Ijumaa.

Na kuna yasiyoingia kwenye hesabu yangu. Mtoto wake mdogo ana pumu. Akibanwa kifua saa nne asubuhi, mama yuko hatua chache tu, anafunga grili na kuondoka. Ofisini ataomba ruhusa. Nilijaribu kuiwekea bei hatua hizo chache, sikuweza, na simwamini mhasibu atakayedai ameweza. Pia sina hakika na ile asilimia 10 ya mtaji. Ukiweka 6 au 14 picha inasogea. Zaidi ya hapo, mwaka 2019 nilimshauri fundi cherehani mmoja arudi kiwandani kwa hesabu hizihizi. Alikataa, na leo ana vyerehani saba na vijana watano. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa mwezi ule. Sikuona kwamba alikuwa anajifunza kushona sare za shule, na soko hilo lilikuwa linakuja. Daftari linaonyesha ulikotoka tu.

Jambo moja nililikataa kabisa: "Nitaajiriwa, duka nitamwachia msaidizi, nipate huku na huku." Duka linalobaki na nusu milioni pale mwenyewe anapokuwepo siku nzima, litabaki na nini baada ya kumlipa msimamizi anayestahili kuaminiwa? Kabla ya kuamua, tulifanya zoezi. Mashine ya kopi ina kaunta ndani yake, inahesabu kila karatasi inayopita. Kwa Mei kaunta ilisogea kopi 21,000. Daftari lilionyesha kopi 17,400. Kopi 3,600 hazipo, na kwa shilingi 100 moja ni 360,000. Nyingine ni karatasi zilizokwama na kuharibika, nyingine madeni ya wanachuo, nyingine kopi za bure za kwaya ya kanisani. Yeye alikuwa dukani siku zote hizo. Sijamhukumu msaidizi, na nilimwambia naye asimhukumu.

Kwa hiyo, ili tupime kama duka linaweza kwenda bila yeye, aliomba aripoti kazini mwezi ujao, wakamkubalia. Mwezi huu msaidizi analipwa laki nne kama msimamizi, anaandika kila deni na kila karatasi iliyoharibika, na mwenye duka haruhusiwi kuingia isipokuwa Jumamosi jioni kusoma kaunta. Jana ilikuwa Jumamosi ya pili. Alinitumia picha mbili, ya kaunta na ya daftari. Tofauti ilikuwa kopi 212, na 140 kati ya hizo zina jina la anayedaiwa pembeni. Sikutegemea. Bado wiki mbili, na chuo kiko wazi. Mwezi wa mitihani sitauamini hadi niuone. Nimemwambia mkataba asiusaini kabla ya Jumamosi ya nne.