Gego la miaka 6 likitoka, halirudi

Wazazi wengi hapa Dodoma huamini gego lililooza la mtoto wa miaka 7 ni la utoto: ling'olewe tu, litaota jingine. Si kila mara. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana halitambuliki.

Likizibika, nawasihi, lizibwe. Likiwa limeharibika mno, daktari wa meno hutazama kwanza picha ya eksirei. Mara nyingi wakati mzuri wa kung'oa ni miaka 8 hadi 10, gego la pili la ukubwani, la nyuma yake, likiwa bado ndani ya taya. Hapo huweza kusogea mbele likajaza pengo. Taya la chini halisamehe sana: ukichelewa, gego hilo huota limeinama. Uvimbe na homa, hata hivyo, havisubiri umri.