Dishi Kubwa Halizai Picha ya HD: Dhana Zinazosikika Juu ya Mapaa ya Kigoma

Katika kazi ya kufunga madishi mjini Kigoma, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini mtu amelipia kifurushi chenye chaneli za HD, yaani za picha yenye nukta nyingi, amenunua runinga pana, na bado nyasi za uwanjani zinaonekana kama uji wa kijani? Ni swali la haki, kwa sababu fedha iliyotoka ni nyingi. Majibu yanayozunguka mitaani, hata hivyo, mengi si ya kweli, na yamewafanya watu wanunue vifaa visivyowasaidia. Msingi wa yote ni kwamba ubora wa picha hupangwa kabla haijafika kwenye paa la mtu, pale mtangazaji anapogawa biti, yaani zile sifuri na moja zinazobeba picha, kwa chaneli zake. Vifaa vya nyumbani vinaweza kuutunza ubora huo au kuupoteza, lakini hakuna kifaa cha nyumbani kinachoweza kuuongeza.

Dhana: Dishi likiwa kubwa, picha huwa safi zaidi

Dhana hii ilikuwa kweli zamani, ndiyo maana wazee wengi bado wanaishikilia. Enzi za analojia, dishi dogo lilileta chenga na dishi kubwa liliziondoa polepole, kwa hiyo kila futi iliyoongezwa ilionekana kwenye kioo. Matangazo ya dijiti hayaendi hivyo. Mawimbi hubeba biti pamoja na biti nyingine za kusahihisha makosa, na maadamu mawimbi yanayofika yanazidi kiwango fulani, king'amuzi husahihisha makosa karibu yote na picha hutoka kama ilivyotumwa. Chini ya kiwango hicho picha huvunjika miraba, huganda, kisha hupotea.

Dishi lenye kipenyo mara mbili lina eneo mara nne, na hukusanya nishati zaidi kwa desibeli 6, yaani mara nne. Nishati hiyo ni akiba ya siku ya mvua, na huku kwetu, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, akiba hiyo ina thamani kubwa. Lakini siku ya jua kali, dishi la sentimita 90 na la sentimita 180 yakielekezwa sawasawa kwenye satelaiti ileile, picha zake hazitofautiani hata nukta moja.

Yale madishi ya futi sita na nane yaliyokuwa yakionekana kwenye nyumba za wageni yalikuwa makubwa kwa sababu nyingine. Yalipokea masafa ya C, yaliyo karibu na gigahezi 4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 7 na nusu hivi, wakati masafa ya Ku ya madishi madogo ya leo yako karibu na gigahezi 12 na wimbi lake ni la sentimita 2 na nusu. Tena dishi kubwa huona sehemu nyembamba zaidi ya anga. La sentimita 90 huona upana wa nyuzi 2 hivi, na la kipenyo mara mbili huona nusu yake, kwa hiyo likifungwa bila uangalifu linaweza kuleta matatizo kuliko dogo.

Dhana: Satelaiti ina nafasi isiyoisha, kwa hiyo chaneli zikiongezwa ni faida tupu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ningependa kila mteja alielewe kabla hajahesabu chaneli kwenye tangazo la kifurushi.

Satelaiti ya matangazo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ndani yake kuna vifaa viitwavyo transponda, ambavyo hupokea mawimbi kutoka ardhini, huyabadilisha masafa na kuyarudisha chini. Kila transponda ina upana wake wa masafa, na upana unaotumika sana ni megahezi 36. Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha biti zinazoweza kupita bila makosa, na kikomo hicho hutokana na upana wa masafa pamoja na uwiano wa mawimbi kwa kelele. Hakuna kampuni inayoweza kukivuka, iwe tajiri kiasi gani.

Hesabu yenyewe inaweza kufanywa kwa kalamu. Fundi yeyote wa madishi ameshaingiza namba 27500 kwenye king'amuzi anapotafuta chaneli. Namba hiyo inamaanisha kwamba transponda inatuma alama, yaani mabadiliko ya wimbi yanayobeba biti, milioni 27.5 kila sekunde. Katika mfumo wa kwanza wa matangazo ya dijiti ya satelaiti, DVB-S, kila alama hubeba biti 2, hivyo tunapata megabiti 55, yaani biti milioni 55, kwa sekunde. Mara nyingi robo yake hutengwa kwa ajili ya kusahihisha makosa, zikabaki 41 na kidogo; kisha katika kila baiti 204 zinazotumwa (baiti moja ni biti nane), 16 nazo ni za kusahihisha makosa. Mwishoni zinabaki megabiti 38 kwa sekunde, na hizo ndizo zinazogawanywa kwa chaneli zote zilizomo. Kwa ubanaji wa zamani wa MPEG-2, yaani njia ya kupunguza biti za picha, chaneli ya kawaida huhitaji megabiti 4 hivi, kwa hiyo zinaenea tisa. Chaneli ya HD kwa ubanaji huohuo huhitaji megabiti 15 au zaidi, kwa hiyo zinaenea mbili tu.

Kilichotuokoa ni mambo mawili. Kwanza ni mfumo wa DVB-S2, uliokamilishwa mwaka 2005, ambao kwa alama za aina ya 8PSK hubebesha biti 3 kwenye kila alama na husahihisha makosa kwa ustadi zaidi. Transponda inayotuma alama milioni 30 kwa sekunde, robo ya biti ikitengwa kwa marekebisho, hutoa megabiti 66 hivi. Pili ni ubanaji wa H.264, uliotoka mwaka 2003, ambao huhitaji takribani nusu ya biti za MPEG-2 kwa picha inayolingana, na baada yake HEVC ya mwaka 2013, ambao nao hupunguza tena kwa kiasi cha nusu. Chaneli ya HD ikipewa megabiti 8, nane zinaenea kwenye transponda moja. Ndiyo sababu kampuni huwataka wateja wabadilishe ving'amuzi kila baada ya miaka kadhaa: kile cha zamani hakiwezi kufungua ubanaji mpya.

Ubanaji wenyewe nauona kama dagaa wanaoanikwa Kibirizi. Picha ya HD inavyotoka studioni kwenye waya wa kawaida ni gigabiti 1.485 kwa sekunde, kiasi ambacho transponda nzima ya megabiti 66 haiwezi kubeba hata sehemu yake moja ya ishirini. Ni lazima dagaa wakaushwe ndipo gunia lijae wengi. Maji yanayotolewa kwenye picha ni yale yanayojirudia: ukuta nyuma ya msoma habari haujabadilika tangu sekunde iliyopita, kwa hiyo hakuna haja ya kuutuma upya. Lakini dagaa akikaushwa kupita kiasi huvunjika na kubaki unga, na picha nayo ikibanwa kupita kiasi nyasi hugeuka uji, nyuso za mashabiki hugeuka miraba, na mpira ukipigwa juu huacha ukungu nyuma yake. Nani ameona mechi ya hivyo asijue ninachokisema?

Kwa hiyo kampuni inapotangaza chaneli mpya kumi, swali la kuuliza ni kama imekodi transponda nyingine. Kama haijakodi, na ubanaji ni uleule, biti za chaneli hizo zimetolewa kwenye chaneli zilizokuwepo.

Dhana: Jioni watu wakiwasha runinga wengi, satelaiti huelemewa

Kibandani Mwanga, Jumamosi ya mechi kubwa, husikia watu wakisema kwamba picha imefifia kwa sababu nchi nzima inaangalia. Wanaifananisha satelaiti na intaneti ya simu, ambayo kweli hulemewa watumiaji wakizidi, kwani kila simu huomba data yake kutoka kwenye mnara mmoja. Satelaiti ya matangazo haiombwi chochote. Inamwaga mawimbi yaleyale juu ya nchi nyingi kwa pamoja, na dishi la mtu wa Ujiji halipunguzi hata chembe ya kinachofika Kasulu au Tabora. Aangalie mtu mmoja au waangalie milioni kumi, kwake hakuna tofauti.

Walichokiona macho yao, hata hivyo, si uongo. Watangazaji wengi huziacha chaneli za transponda moja zigawane biti kila wakati kulingana na uhitaji: inayoonyesha mazungumzo ya mezani huachia biti, na inayoonyesha mpira huzichukua. Mpango huo ni mzuri, ila Jumamosi jioni mechi tatu zikichezwa kwa wakati mmoja kwenye transponda moja, hakuna chaneli yenye biti za kuachia, na zote hupungukiwa pamoja. Msongamano upo, lakini uko kwenye chaneli, kwa watazamaji haupo kabisa.

Dhana: Kikiandikwa HD, basi ni HD

Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576, na HD kamili ina 1920 kwa 1080. Ukizidisha utapata nukta 414,720 na 2,073,600, yaani mara tano kamili. Namba hizo zinaeleza ukubwa wa fremu tu. Hazisemi lolote juu ya biti zinazoijaza, na mimi binafsi naona heri chaneli ya kawaida iliyoshiba biti kuliko ya HD yenye njaa. King'amuzi cha HD hutoa kila kitu kwa fremu ya 1080 kikiwekwa hivyo, hata chaneli ya kawaida, na runinga huandika 1080 kwenye kona ya kioo. Kilichofanyika ni kunyoosha nukta zilizokuwepo na kukisia zile zilizokosekana. Runinga ya 4K, yenye nukta mara nne ya HD kamili, nayo hukisia vivyo hivyo, na kwa kuwa kioo chake ni kikubwa, kasoro zote za ubanaji huonekana wazi zaidi.

Dhana: Mvua ikinyesha, kampuni hukata chaneli za HD makusudi

Wingu zito likitanda juu ya Ziwa Tanganyika na mvua ikaanza, mara nyingi chaneli za HD hutangulia kupotea na za kawaida hubaki. Watu huona hapo pana ubaguzi, lakini sababu ni ya kifizikia. Matone ya mvua hufyonza na kutawanya mawimbi ya gigahezi 12. Chaneli nyingi za HD hutumwa kwa 8PSK, ambamo alama zimekaribiana na hivyo ni rahisi kuchanganywa na kelele. Kwa kiwango kilekile cha marekebisho ya makosa, 8PSK ya DVB-S2 huhitaji desibeli karibu 4 zaidi ya QPSK, ile aina ya alama yenye biti 2, sawa na nguvu mara mbili na nusu. Zile biti za ziada tulizofurahia kwenye hesabu hulipiwa hapa.

Kigoma tuna nafuu moja. Satelaiti iliyoko longitudo ya nyuzi 36 mashariki huonekana kwetu karibu utosini, kwenye mwinuko wa nyuzi 80 hivi, kwa hiyo mawimbi hupita ndani ya mvua kwa njia fupi kuliko nchi zinazoiona ikiwa chini karibu na upeo wa macho. Na kama picha imekatika dakika chache mchana wenye jua, karibu na tarehe 20 za Machi au Septemba, huenda jua limepita nyuma ya satelaiti na kelele yake imeyafunika mawimbi. Dishi lisiguswe.

Dhana: Nguvu ikiwa tisini, dishi limekaa sawa

King'amuzi huonyesha mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Nikiwa juu ya paa huuliza, na mtoto sebuleni hujibu kwa furaha: "Tisini, fundi!" Humwambia: "Huo ni wa nguvu, mwanangu, nisomee wa chini." Nguvu hupanda hata dishi likitazama satelaiti jirani. Ubora ndio unaoonyesha kama biti zinasomeka.

Dhana: Waya wowote unatosha

Mwaka jana mama mmoja wa Katubuka aliniita nimbadilishie dishi. Ubora ulisoma themanini na tano, na chaneli ilikuwa ya HD. Nyuma ya runinga nikakuta waya tatu: nyekundu na nyeupe za sauti, na ya njano ya picha. Waya huo wa njano hubeba picha ya kawaida tu, kwa hiyo king'amuzi kilikuwa kinapokea nukta milioni mbili na kuzipunguza hadi sehemu ya tano kabla ya kuzitoa. Nikamwambia, "Mama, dishi lako ni zima. Boksi la king'amuzi bado unalo?" Lilikuwa chini ya kitanda, na ndani yake waya wa HDMI ungali umefungwa kwa kamba yake ya kiwandani. Tulipouchomeka, mjukuu wake aliyekuwa amekaa mkekani akaanza kusoma kwa sauti majina yaliyoandikwa migongoni mwa wachezaji.